Sindano ya bure ya nimonia: nani alipaye, na je, yastahili bei yake?

Mtoto anapotimiza umri wa wiki sita na kupelekwa kliniki, muuguzi humdunga sindano mbili, moja katika kila paja, kisha humtilia dawa nyingine mdomoni. Sindano ya paja la kushoto ni ile inayokinga magonjwa matano, yakiwemo pepopunda na kifaduro. Ile ya paja la kulia humkinga dhidi ya kijidudu kiitwacho nimokokasi. Wiki ya 10 atarudi kwa dozi ya pili, na wiki ya 14 kwa dozi ya tatu. Ukimpeleka katika kituo cha serikali, chanjo hiyo hutaitolea hata shilingi moja.

Kwa sababu hiyo wazazi wengi hudhani kwamba kitu kinachotolewa bure lazima kiwe hafifu. Wapo wanaoniuliza, tena kwa sauti ya chini, kama si afadhali walipie "ile ya kweli" katika hospitali ya kibinafsi. Ukweli ni kwamba sindano ya paja la kulia ni miongoni mwa chanjo ghali zaidi katika ratiba nzima ya watoto wachanga. Bei yake hulipwa, ila wewe huioni ikilipwa. Na kwa kuwa aliyekuwa mlipaji mkuu anajiondoa pole pole, na mzigo unahamia kwenye hazina ya serikali, yaani mfukoni mwako wewe mlipa kodi, una haki ya kujua kama pesa hizo zinatumiwa vyema.

Kwanza tukijue kijidudu chenyewe. Nimokokasi hukaa puani na kooni, hasa kwa watoto wadogo, na aghalabu hakimdhuru anayekibeba. Kabla ya chanjo kuletwa, uchunguzi uliofanywa Kilifi ulionyesha kwamba takriban watoto 34 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wakibeba zile aina za kijidudu hiki ambazo chanjo inazilenga. Mtoto hukohoa, humbusu mdogo wake, hucheza na wenzake chekechea, na hivyo kijidudu husafiri. Mara moja moja hupenya. Kikiingia mapafuni huleta nimonia, kikiingia katika damu huisambaza sumu mwilini, na kikifika kwenye utando unaofunika ubongo huleta homa ya uti wa mgongo. Ugonjwa huu wa mwisho ndio unaotutisha zaidi sisi madaktari, kwa maana hata mtoto anayepona, takriban mmoja kati ya wanne hubaki na ulemavu mkubwa: uziwi, kifafa, kupooza au akili kudumaa.

(Hapa niseme neno kuhusu baridi. Kila Julai jijini Nairobi nawaona watoto waliovishwa sweta tatu na kofia mbili kwa kuogopa nimonia. Kumkinga mtoto na baridi si vibaya, lakini sweta haliui kijidudu.)

Kwa nini chanjo hii ni ghali? Nimokokasi huvaa ganda la sukari, na ganda hilo si moja. Zipo aina zipatazo 100 za kijidudu hiki, kila aina na ganda lake. Chanjo ya zamani, iliyotengenezwa kwa sukari tupu ya maganda hayo, iliwafaa watu wazima lakini haikuwafaa watoto walio chini ya miaka miwili, kwa sababu miili yao haijajifunza kuitambua sukari kama adui. Wanasayansi wakagundua kwamba sukari hiyo ikifungamanishwa na protini, mwili wa mtoto mchanga huitambua na kuikumbuka. Lakini kila aina lazima ikuzwe peke yake, isafishwe peke yake, ifungamanishwe peke yake, kisha zote zichanganywe katika chupa moja. Chanjo yenye aina 10 ni kama chanjo 10 zilizotengenezwa kwa zamu.

Chanjo ya kwanza ya namna hii iliidhinishwa Marekani mwaka 2000, ikiwa na aina saba, na ikauzwa huko kwa zaidi ya dola 50 kwa dozi moja. Kwa bei hiyo Kenya isingeweza hata kuiota. Tena haikuwa na aina ya 1 na ya 5, ambazo huwaua watu wengi barani Afrika. Mwaka 2005 matokeo ya majaribio nchini Gambia, yaliyowahusisha watoto zaidi ya 17,000 na chanjo yenye aina tisa, yalionyesha jambo ambalo ni nadra kuonekana katika utafiti wa chanjo moja: vifo vya watoto vya kila namna, si vya nimonia pekee, vilipungua kwa asilimia 16. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa mtu yeyote kudai kwamba chanjo hii ni anasa ya matajiri.

Ndipo yakafanywa mapatano ya kibiashara. Mwaka 2009 serikali za Italia, Uingereza, Kanada, Urusi na Norway, pamoja na wakfu wa Bill na Melinda Gates, ziliahidi dola bilioni 1.5. Kampuni zilizokubali kutengeneza chanjo hiyo kwa wingi kwa ajili ya nchi maskini zingelipwa nyongeza kutoka katika fungu hilo kwa dozi za mwanzo, kwa sharti kwamba bei ya kudumu isizidi dola 3.50 kwa dozi. Shirika la chanjo la Gavi likawa msimamizi wa ununuzi. Mwanzoni mwa 2011 Kenya ikawa miongoni mwa nchi za kwanza za Afrika kuanza kuwapa watoto wachanga chanjo yenye aina 10. Sehemu yetu ya malipo ilikuwa senti chache za dola kwa kila dozi. Nyingine zote zililipwa na Gavi.

Je, tulipata nini?

Kwa bahati njema, swali hilo lina jibu lililopimwa hapa hapa nyumbani. Huko Kilifi taasisi ya KEMRI pamoja na shirika la Wellcome la Uingereza wamekuwa wakiandika tangu mwaka 2000 nani kazaliwa, nani kahama na nani kafariki katika eneo lenye watu zaidi ya robo milioni, na kuilinganisha orodha hiyo na watoto wanaolazwa hospitalini. Chanjo ilipoanza, watoto wote wa Kilifi walio chini ya miaka mitano walipewa, si wachanga peke yao. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa 2019, magonjwa makali yaletwayo na zile aina 10 yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Ukihesabu aina zote za nimokokasi, hata zisizokuwamo katika chanjo, upungufu ulikuwa asilimia 68. Nimonia inayoonekana kwenye picha ya eksirei kwa watoto waliolazwa ilishuka kwa karibu nusu, asilimia 48.

Soma tena namba hiyo ya mwisho. Utafiti huo haukuhesabu nimonia ya nimokokasi tu, bali nimonia ya eksirei kwa jumla. Mtu aliyefanya kazi katika wodi za watoto kabla ya 2011 anajua maana yake: vitanda ambavyo awali vililaliwa na watoto wawili wawili, na mtungi mmoja wa oksijeni ukigombaniwa na watoto watatu.

Kuna faida nyingine ambayo haikupangwa kwenye bajeti. Watu wa Kilifi ambao hawakuchanjwa, yaani watoto wakubwa na watu wazima, nao waliacha kuugua kwa wingi aina hizo 10. Miongoni mwa watu wa miaka 15 na zaidi upungufu ulikuwa asilimia 81. Sababu yake ni kwamba mtoto aliyechanjwa huacha kubeba kijidudu puani, basi hamwambukizi nyanya yake. Hata wachanga walio chini ya miezi miwili, ambao hawajatimiza ratiba, walikingwa na dada na kaka zao. Shilingi moja iliyotumiwa kwa mtoto mmoja inawafanyia kazi watu kadha wasiojua kwamba wamehudumiwa.

Sasa tuje kwenye hesabu za pesa, ambazo ndizo zinazochanganya watu.

Utasikia wanasiasa na hata madaktari wenzangu wakisema kwamba chanjo "hujilipia yenyewe", maana yake serikali huokoa pesa nyingi za matibabu kuliko inazotumia kununua chanjo. Kwa baadhi ya chanjo za zamani za bei rahisi, kama ile ya surua, maneno hayo yanaweza kuwa ya kweli. Kwa chanjo ya nimokokasi katika nchi kama Kenya si kweli, na ni afadhali tuseme wazi. Hata ukiondoa gharama zote za penisilini, oksijeni na siku za kulazwa zilizoepukwa, chanjo hii bado inaigharimu serikali pesa. Faida yake si akiba. Faida yake ni maisha, na swali la haki ni: je, maisha hayo tunayanunua kwa bei gani?

Wachumi wa afya wana kipimo chao, kilichoenezwa na ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 1993. Wao huhesabu miaka ya maisha yenye afya. Mtoto akifa akiwa na mwaka mmoja, ile miaka yote ambayo angeishi huhesabiwa kuwa imepotea. Akipona lakini akabaki kiziwi, sehemu ya kila mwaka wake huhesabiwa kuwa imepotea. Kisha hugawanya gharama kwa miaka iliyookolewa. Kipimo hiki kina ubaridi fulani, nakiri sikipendi nikiwa kando ya kitanda cha mgonjwa, lakini bila kipimo chochote anayepata pesa ni yule anayepiga kelele zaidi.

Mwaka 2019 watafiti wa Kilifi walipiga hesabu ya aina hiyo kwa ajili ya Kenya nzima. Waliuliza: Kenya ikianza kutoka katika msaada wa Gavi mwaka 2022, je, iendelee na chanjo hii au iiache? Walikadiria kwamba kuendelea kungehitaji nyongeza ya dola milioni 15.8 kila mwaka, ambazo kwa kiwango cha ubadilishanaji cha 2025, takriban shilingi 129 kwa dola, ni kama shilingi bilioni 2. Kwa pesa hizo, katika miaka 11 kati ya 2022 na 2032, Kenya ingeepuka visa 101,513 vya ugonjwa na vifo 14,329. Namba hizi ni makadirio, na watafiti wenyewe walisema vifo hivyo vyaweza kuwa vichache kama 6,130 au vingi kama 25,256. Gharama ya kila mwaka mmoja wa maisha yenye afya waliikadiria kuwa dola 153 ifikapo 2032, karibu shilingi 20,000. Katika makadirio yao ya juu kabisa ilikuwa dola 411.

Ili tuone kama hiyo ni bei kubwa au ndogo: pato la wastani la Mkenya mmoja kwa mwaka ni takriban dola 2,000. Ukitaka hesabu nyepesi zaidi, zidisha milioni 15.8 kwa miaka 11, kisha gawanya kwa vifo vilivyoepukwa. Utapata kama dola 12,000 kwa kila uhai, takriban shilingi milioni moja na nusu. Hiyo ni bei ya gari dogo lililokwishatumika Japani, la kumpeleka mtu mmoja kazini. Na hapo bado hujawahesabu watoto waliookolewa na uziwi, wala siku za kibarua ambazo mama hakuzipoteza akiwa amekaa wodini.

Je, tukiiacha? Hapa ndipo penye mtego. Ukiacha kununua dawa za malaria, wodi zitajaa katika msimu wa mvua unaofuata na kila mtu atajua ni kosa la nani. Chanjo hii haiko hivyo. Kwa kuwa vijidudu vimefukuzwa kutoka puani mwa watoto wetu, vingechukua miaka kurejea. Watafiti hao walikadiria kwamba magonjwa makali ya nimokokasi yangepanda kutoka visa 8.5 kwa kila watu 100,000 mwaka 2022 hadi 16.2 mwaka 2032. Yangekuwa yameongezeka karibu mara mbili, lakini kidogo kidogo, na waziri aliyeikata bajeti angekuwa amekwisha kustaafu. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatari kubwa inayoikabili chanjo hii: ni rahisi kuikata bila kulaumiwa.

Na bajeti ya chanjo hapa kwetu si jambo la kutegemewa. Mwaka 2025 wazazi wengi walirudishwa nyumbani kwa sababu chanjo za kifua kikuu na polio zilikuwa zimekwisha katika vituo vingi. Hizo ni za bei nafuu kuliko hii tunayoizungumzia. Mwezi Juni mwaka huo huo waziri wa afya wa Marekani alitangaza kwamba nchi yake ingesitisha msaada wake kwa Gavi. Tangu 2022 Kenya imo katika kipindi cha mpito ambapo mchango wake huongezeka mwaka hadi mwaka mpaka itakapolipa yote yenyewe. Kwa hiyo swali la shilingi bilioni 2 si la vitabuni.

Wapo wanaosema pesa hizo zingenunua oksijeni na dawa za kutosha kwa kila hospitali ya kaunti. Hoja hiyo naiheshimu, kwani wodi nyingi zina uhaba huo. Lakini oksijeni humsaidia mtoto aliyefika hospitalini, na watoto wengi hufa kabla ya kufika au hufika wakiwa wamechelewa mno. Wengine hutaja kunyonyesha maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, na kuondoa moshi wa makaa chumbani. Mambo hayo mawili hupunguza nimonia kwa gharama ndogo sana na kila nyumba ingepaswa kuyafanya leo, lakini hayamwondoi nimokokasi puani.

Kilicho muhimu zaidi katika hesabu hii yote ni bei ya dozi. Makadirio ya 2019 yalifanywa kabla kiwanda cha Serum cha India hakijapata idhini ya Shirika la Afya Duniani kwa chanjo yake ya aina 10, idhini iliyotolewa Desemba 2019. Mwaka uliofuata kiwanda hicho kilikubali kuiuzia Gavi kwa dola 2. Dozi tatu kwa bei hiyo ni dola 6, hazifiki shilingi 800 kwa mtoto, ukiacha gharama za sindano, majokofu na usafirishaji. Bei ikishuka, kila mwaka wa maisha unaonunuliwa hushuka bei pia.

Njia nyingine imefanyiwa majaribio hapa Kenya kwa watoto wapatao 2,100, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2024. Watafiti waliwapa watoto sehemu tu ya kipimo cha kawaida, dozi mbili na kisha nyongeza. Kwa chanjo moja yenye aina 13, asilimia 40 ya kipimo iliamsha kinga isiyopungukiwa na ile ya kipimo kizima. Asilimia 20 haikutosha, na chanjo nyingine iliyojaribiwa haikufaulu kwa vipimo hivyo vidogo. Kwa nchi inayohesabu kila dola, hilo ni jambo la kufuatiliwa kwa makini. Usije ukamwomba muuguzi akupimie nusu, lakini. Uamuzi wa namna hiyo ni wa wizara na wataalamu wake.

Yapo maswali mawili ambayo huniletea kila wiki. La kwanza: "Daktari, mtoto alichanjwa zote tatu, mbona amepata nimonia?" Ni kwa sababu nimonia ina visababishi vingi. Utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi saba, Kilifi ikiwemo, na kuchapishwa 2019, ulionyesha kwamba nimonia nyingi zinazowalaza watoto sasa huletwa na virusi. Chanjo imeondoa muuaji mmoja mkuu, haijaondoa wote. Basi mtoto aliyechanjwa akipumua haraka, mpeleke hospitali upesi. Mhesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia: 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi miwili hadi mwaka mmoja, 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano. Kifua kinachobonyea ndani anapovuta pumzi, au mtoto anayekataa kunyonya, si wa kungojea asubuhi.

La pili ni lile la chanjo "ya kweli". Ipo katika hospitali za kibinafsi chanjo yenye aina 13, na mwenye uwezo anaweza kuilipia. Lakini matokeo ya Kilifi niliyokutajia yalipatikana kwa chanjo ya bure ya aina 10, kwa watoto wa wakulima na wavuvi. Mtoto aliyemaliza dozi tatu za bure kwa wakati ana kinga bora kuliko aliyepata moja ya bei ghali na kusahauliwa. Wenye kuhitaji uangalifu zaidi ni watoto wenye selimundu na wale wanaoishi na virusi vya Ukimwi, ambao nimokokasi huwashambulia kwa ukali zaidi. Waulizie kwa daktari kuhusu dozi ya nyongeza.

Na kama ulisafiri kwenda mashambani, au mgomo wa wauguzi ukakukosesha ile ya wiki ya 10, usidhani kwamba mambo yameharibika. Mtoto haanzi upya. Chukua kile kijitabu cha mama na mtoto, nenda siku yoyote ya kliniki, ataendelea pale alipoachia, mradi kati ya dozi moja na nyingine zipite wiki nne.